Majina ya Boti ya Jumanne

Nikuulize bila kuzunguka: serikali ikikuziba mdomo na masikio, halafu ikakwambia imekuziba ili ikulinde, wewe unaitika asante?

Mimi siitiki. Nilijaribu kuandika habari hii kwa upole, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu kule Mansa: pande mbili za jambo, hoja na hoja ya kuipinga, kisha hitimisho la mtu mwenye adabu. Nimeshindwa. Kila nikifika upande wa pili, nafuta. Basi nitasimulia tu habari za mama mmoja wa Kashikishi, jirani yangu, anayeitwa Fidélie Banza, na kazi aliyojitungia mwenyewe bila kuajiriwa na mtu.

Mama Fidélie alizaliwa upande wa Kongo, karibu na Pweto. Alivuka kuja Zambia mwaka 2017, risasi zilipofika kwao, akiwa na mtoto mmoja na sufuria mbili. Walimpeleka Mantapala pamoja na wakimbizi wengine, wakampa kipande cha shamba, akalima mihogo. Alilima vizuri, lakini moyo haukuwa pale. "Mi ni mutu wa maji," aliniambia siku moja, kwa Kiswahili cha Kongo, ambako "watu" ni "batu" na "ndiyo" ni "njo". "Ukiniweka mbali na maji sawa vile umeniweka ndani ya kabati." Alipopata ruhusa akahamia Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, akaanza kuuza mafuta ya mawese sokoni, hatua chache kutoka mahali boti zinaposhusha watu. Mtoto wake Eddy alikua, akawa kijana mrefu wa miaka ishirini na minne, akaingia katika biashara ya kuvuka: sukari na sabuni kupeleka Kilwa, mji wa Kongo ulio ng'ambo, mawese na vitenge kurudisha huku.

Mwaka wa pili wa mama huyu kuwa hapa, kaka yake Parfait alipanda boti kule Kilwa aje kumsalimia. Boti ile haikufika. Tatizo ni kwamba hakuna mtu upande huu aliyejua kuwa Parfait alikuwa ndani. Kwa siku tisa Mama Fidélie aliuza mawese yake, akitaniana na wateja, akimsema kaka yake kwamba ni mvivu wa safari, ahadi nyingi na miguu mizito. Siku ya kumi wavuvi wa Kabuta walileta shati lake.

"Siku tisa nilicheka," alisema aliponisimulia. "Ile kucheka njo inaniuma kupita kifo yenyewe."

Mwingine angelia, akanyamaza. Yeye alinunua simu, akatafuta mtu ng'ambo. Akampata mzee mmoja anayeitwa Papa Willy, mpakiaji mizigo kwenye forodha ya Kilwa, boti zinapoondokea, na wote wawili wakaanzisha desturi ambayo leo kila abiria wa Mweru anaijua. Inaitwa kuita majina. Kabla boti haijasukumwa, Papa Willy anapita na simu yake kutoka kwa abiria mmoja hadi mwingine, anaiweka mdomoni, na kila mmoja anataja jina lake na jina la mtu wa kuambiwa. Wengine wanaongeza vichekesho. Nimewahi kusikia bibi mmoja akisema, "Mi ni Cadette, mwambieni bwana yangu aondoshe ule mwanamuke mbele ya mi kufika." Ujumbe huo wa sauti unaingia katika kundi la simu lenye watu zaidi ya arobaini: wenye boti, wachuuzi, wavuvi wa kambi za visiwani, kutoka Chisenga mpaka Chienge. Boti ikifika, Mama Fidélie anaingia majini mpaka magotini, anaweka simu mdomoni mwa kila anayeshuka, na kila mmoja anasema neno moja: "Nimeshuka."

Ikifika saa tisa alasiri na kuna jina halijashuka, Mama Fidélie anatuma sauti yake kwa kundi zima: "Majina inalala mu maji." Hapo kila kambi inasukuma mitumbwi bila kungoja amri ya mtu. Kwa njia hiyo watu kumi na mmoja waliokolewa karibu na Chisenga miaka mitatu iliyopita. Hakuna waziri aliyekuja kukata utepe. Hakuna mfadhili aliyebandika nembo. Ni mwuza mawese na mpakiaji mizigo, pamoja na ujumbe wa sauti.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa saba, wakati wa baridi na upepo.

Jumatatu jioni redio ilitangaza kwamba wahalifu wa mitandao wameingia katika kompyuta za serikali, na kwamba kwa mujibu wa sheria, na kwa usalama wa wananchi, intaneti inazimwa nchi nzima mpaka hapo itakapotangazwa tena. Dakika chache baadaye ikazimika. Tuliamka Jumanne simu zikiwa kama vipande vya sabuni. Na hata pesa za kwenye simu zililala nazo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kununua salio. Kupiga simu ya kawaida kuvuka mpaka kunameza salio la wiki kwa dakika chache, na waliobahatika kuwa nalo walipata mlio wa laini zilizojaa tu.

Sokoni watu waliligeuza mzaha. Ndivyo tulivyo, tukinyang'anywa kitu tunacheka kwanza.

"Leo bwana yangu aliniangalia mu uso!" alipiga kelele mwuza samaki mmoja. "Mara ya kwanza toka Noeli! Akaniuliza, wewe njo nani?"

"Mama Fidélie, redio yetu imekufa betri?" akauliza Mwaba, fundi wa mashine na mwenye boti mbili, Mbemba anayeongea Kiswahili cha biashara.

"Wewe cheka tu, Mwaba," alijibu mama. "Mwizi anaingia ku nyumba ya bakubwa kule Lusaka, na banakuya kufunga mulango yangu mimi. Mi niliiba nini?"

Walicheka. Na mimi nilicheka. Kisha mama akakaa kwenye stuli yake akiangalia simu, na hakukuwa na majina. Eddy alikuwa Kilwa tangu Ijumaa, naye alitazamiwa wiki hiyo. Saa sita ikapita, saa tisa ikapita.

Hapa ndipo tulipokosea, na kosa hili ni letu, simtupii mtu. Kwa miaka yote ile hakuna boti iliyotoka Kilwa bila majina yake kufika huku kwanza. Utaratibu ulikuwa umetuingia kama imani: hakuna majina, hakuna boti. Ukimya wa mtandao tukausoma kama ukimya wa forodha. "Papa Willy si mupumbavu," mama alisema akikunja stuli yake. "Anaona majina haifike, anazuia boti. Eddy atalala Kilwa." Hata mimi, mwenye cheti, nilitikisa kichwa kukubali.

Lakini ng'ambo hakuna aliyezima kitu. Kongo ni nchi nyingine, haikupewa taarifa. Papa Willy aliita majina Jumanne alfajiri kama kawaida, akatuma, akaona alama moja tu kwenye ujumbe wake badala ya mbili. Akadhani simu ya Mama Fidélie iko kwenye chaji. Akasukuma boti.

Tulijua Jumatano, saa saba mchana. Boti nyingine ilifika kutoka Kilwa bila majina yake kutangulia, na mchuuzi mmoja anayeitwa Mpundu akaruka ndani ya maji kabla haijagusa mchanga.

"Mama! Eddy alifika muzuri?"

"Eddy gani?"

"Eddy wako, mama! Papa Willy alinituma nikuulize. Toka jana anangoja 'nimeshuka' haimufikie."

"We Mpundu, usiniletee michezo. Eddy iko Kilwa."

"Alitoka jana, mama. Mi mwenyewe nilimusaidia kupakiza. Batu saba."

Mama Fidélie hakupiga yowe. Aliinama akachota maji kwa kiganja, akayaangalia, akayamwaga. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Saba gani? Niitie."

Mpundu alikumbuka watano: Eddy, na mwanamke anayeitwa Angèle wa Chienge, na wanaume watatu. Wawili hakuwajua.

Siku ya kawaida, kilichofuata kingechukua muda wa kumeza mate: sauti moja ya mama, na macho arobaini yanageukia ziwa. Sasa, salio hakuna na laini zimejaa, alikuwa na mdomo wake tu. Mwaba aliacha mzaha, akawasha boti zake zote mbili. Wachuuzi wakachanga petroli kwa madumu madogo waliyokuwa wameyaficha kwa safari zao. "Lakini niende wapi?" aliuliza Mwaba. "Ziwa si uwanja wa mpira. Kama mashine ilikufa jana asubuhi, upepo umewachukua kokote." Alichagua kusini, kuelekea kisiwa kiitwacho Kilwa kama mji ule, kwa sababu huko ndiko njia ya kawaida. Alikuwa anabahatisha, na alijua.

Mama alinishika mkono. "Mwalimu, twende ku boma. Bale bako na redio."

Na ni kweli, wanayo. Katika ofisi moja ya serikali pale Nchelenge, makao makuu ya wilaya yetu, kuna redio inayozungumza na vituo vya visiwani, na kituo cha Chisenga kingeweza kumtuma mtu apite kambi kwa kambi. Sitaitaja ofisi hiyo, wala sitamtaja afisa wake. Sitaki mtu akimbilie kusema kwamba kasoro ni ya afisa mmoja mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na shati safi na sauti ya mtu aliyekunywa chai. Hilo ndilo linalonitapisha.

Alitukaribisha kwa Kibemba, "Bamayo, mwaiseni," yaani karibu mama, kisha akanigeukia mimi kwa Kiingereza, nami nikawa mkalimani.

"Mwambie mama kwamba nchi imeshambuliwa. Kuna amri."

"Nani alitushambulia?" aliuliza mama.

"Bado inachunguzwa."

"Baliua batu?"

"Hapana. Waliingia kwenye mafaili."

Mama alifikiri kidogo. "Muulize, mwalimu. Ile mafaili inapumuaka?"

Nilitafsiri. Afisa alitabasamu kama mtu aliyesikia methali nzuri ya kijijini. Nikamwambia kwamba hatukuja kujadili sheria; tunaomba dakika moja ya redio, maneno haya tu: boti ya mbao, watu saba, imetoka Kilwa jana asubuhi, kila kambi iangalie.

"Redio ni ya mambo ya usalama," alisema. "Kwa muda huu wa amri, kila matumizi yasiyo ya kawaida yanahitaji kibali kutoka juu."

"Basi omba kibali."

"Nitaomba. Natakiwa kutuma barua pepe."

Kwenye ukuta, saa ya mviringo ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano. Nilisubiri aisikie sentensi aliyoisema. Hakuisikia.

"Mheshimiwa," nilisema, "hiyo barua pepe itapita wapi?"

"Ndiyo maana nawaambia msubiri," alijibu kwa uvumilivu mkubwa. "Mawasiliano yakifunguliwa, nitaituma mara moja."

Unaona? Hakuna tusi lililotamkwa. Hakuna aliyetufukuza. Tulipewa viti, na mama alipewa maji ya kunywa ndani ya glasi. Mtu alikuwa majini, redio ilikuwa mezani, umbali wa mkono wangu, taa yake ya kijani ikiwaka, na kati ya mtu na redio waliweka karatasi. Nilisoma vitabu vingi chuoni kuhusu madaraka. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba yanaweza kukaa kimya namna hiyo, yakiwa yamenyolewa ndevu.

Nilianza kupaza sauti. Nilisema kwamba mwenye uwezo wa kuzima nchi nzima kwa neno moja, bila kuulizwa na mtu, hawezi kujidai hana uwezo wa kubonyeza kitufe kimoja. Mlinzi aliingia. Mama Fidélie alisimama, akarudisha glasi mezani ikiwa imejaa.

"Acha, mwalimu," alisema. "Huyu iko anangoja ruhusa ya kuwa mutu. Sisi hatuna hiyo siku."

Nilikataa kulitafsiri hilo. Sasa najuta, lilistahili kutafsiriwa.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu, haraka, kitenge kimekazwa kiunoni. Kwenye kila kibanda alisimama kutaja yale majina matano, na kuuliza kama kuna anayewajua wale wawili. Watu walitoka majikoni kumsikiliza. Mwendesha baiskeli aliyekuwa anapeleka samaki Kabuta aliahidi kupiga kelele njia nzima, na nadhani alifanya hivyo. Ndivyo tulivyorudishwa nyuma: baiskeli na koo la mtu, huku juu ya vichwa vyetu mnara wa simu umesimama na taa zake, ukilindwa dhidi yetu.

Mwaba alirudi giza likiingia, midomo imepasuka kwa upepo. Kusini hakukuwa na kitu. Hakutania.

Alhamisi, mara tu jua lilipochomoza, nilimkuta mama ukingoni. Alikuwa amesimama, stuli ameiacha nyumbani. Mwaba alikuwa anajaza petroli iliyobaki ili ajaribu kaskazini. Tukiwa hapo simu zikaanza kulia, zote kwa pamoja, katika vibanda na mifukoni, kama vifaranga. Intaneti imerudishwa. Ujumbe wa kwanza uliotuingia wote ulikuwa wa shukrani: wananchi wanapongezwa kwa uvumilivu wao, shambulio limedhibitiwa, na hakuna madhara yoyote kwa raia yaliyoripotiwa. Niliusoma mara mbili, nikatema mate kwenye mchanga. Simu ya Mama Fidélie nayo ilitikisika mfululizo, ujumbe wa siku tatu unamwagika ndani. Aliitoa, akaangalia kioo, akaona jina la Papa Willy na alama ya sauti. Alifungua mdomo ili atume wito wake kwa kambi. Hakuwahi, maana mtu mmoja alinyoosha kidole upande wa kaskazini.

Mtumbwi wa mashine wa wavuvi wa Chisenga ulikuwa unakuja polepole, ukivuta boti kwa kamba. Ndani ya boti watu walikuwa wamekaa. Nilihesabu sita.

Mama aliingia majini, magotini, kiunoni, kifuani. Mvuvi wa mbele alianza kujieleza kabla hajafika, kama mtu anayejitetea mahakamani. "Tuliwaona tangu jana asubuhi, mama. Boti imesimama mbali. Tulidhani wanatega nyavu. Hakuna aliyetuambia kuna boti imepotea. Leo ndiyo tukaona kitambaa kinapungwa."

Wavu wa plastiki, wa hao wanaotupa nyavu mbovu ziwani, ulikuwa umelinasa panga la mashine, lile linalozunguka majini kusukuma boti, Jumanne saa nne. Eddy alijitupa majini na kisu kuukata. Wimbi lilimsukuma juu ya panga, likampasua paja. Walimpandisha, wakamfunga kwa vitenge vya biashara, kimoja juu ya kingine. Sasa alikuwa amelala chini, kati ya miguu ya wenzake, amefunikwa kwa kipande cha turubai, viatu vyake vimepangwa pembeni vizuri. Aliyevipanga alikuwa Angèle. Midomo yake ilikuwa imekauka, maneno yakitoka moja moja.

"Alikuwa anasema na sisi, mama. Njia yote. Alisema muko munakuya, sababu munajua majina. Mpaka jana." Alinyanyua mkono, akaonyesha mahali mbinguni jua lilipokuwa wakati huo.

Nilitazama mkono ule. Jua hufika pale saa kumi, saa ile ya ukutani ofisini.

Hospitali iko karibu na soko. Unaweza kutembea kwa miguu, ukiwa na mtu mgongoni, na usichoke.

Mama Fidélie aliweka kiganja juu ya turubai, akakiacha hapo. Watu walikuwa wameshaingia majini pande zote, na wanaume wawili wakashika turubai wamwinue kijana wake kwanza, kwa heshima yake. Aliwazuia kwa mkono ule ule.

"Mushushe kwanza bale bazima," alisema. "Bako na baridi."

Wakaanza na Angèle.